Umeme wa Saa ya Sala

Nyumbani walimwita Mbishi, na jina hilo alilipata tangu usichana, kwa sababu alikuwa hapokei jibu mpaka aligeuze nje ndani kama anayekagua mshono. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, na sare za shule zilizotundikwa ukuta mzima. Mumewe, dereva wa lori, aliugua siku nne tu, akafariki. Mungu alitoa, Mungu akatwaa. Watu walikuja wakalia, wakaondoka, na mama mkwe akabaki kukaa naye, ili nyumba isipoe ghafla.

Wiki ileile umeme ukaanza kukatika. Haukukatika mtaa mzima. Ulikatika upande wa nyuma wa nyumba yao tu, jikoni, bafuni na kwenye meza ya chakula, na kila mara ilikuwa saa moja jioni, wakiwa wamesimama kusali. Kwenye kisanduku cha umeme ukumbini, chenye breka mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, ungesikia mlio mdogo kama wa mtu anayevunja kijiti. Kisha giza.

Siku ya kwanza walishtuka. Siku ya tatu mama mkwe akasema, "Ni yeye."

Marehemu alikuwa mtu wa sala. Alipokuwa nyumbani hakufungua Kitabu kabla hajazima redio, jiko na kila kilichokuwa kikinguruma. "Hataki tusali huku vyombo vinachemka," mama mkwe alisema, na gizani sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Mbishi hakuwa ameisikia tangu mazishi. Sala ikiisha, mtu alikwenda kuinua breka, wakala.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, hakuafiki. Huyu aliuza vipuri vya pikipiki na kujihesabu fundi wa kila kitu chenye skrubu.

"Shemeji, breka yako imechoka," alimwambia. "Imeandikwa ishirini. Jumamosi nakuletea ya arobaini, utasahau kama kuna kitu kinaitwa giza."

"Na waya je?"

"Waya una nini? Waya ni waya."

"Na uzi ni uzi? Njoo nikushonee suruali ya jinzi kwa uzi wa leso, uivae uende nayo dukani. Ukiinama usinilaumu."

"Sasa nimejua kwa nini kaka alipenda safari ndefu."

Mama mkwe hakucheka. "Hakuna wa kugusa kisanduku kile," alisema. "Hata huko aliko mnataka kumfukuza?"

Mbishi angeliacha jambo lile. Mbele za Mungu, naye alikuwa amelipenda giza lile. Taa ilipozimika alihisi kama mumewe amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Lakini Alhamisi, alipochomoa birika la umeme, vidole vilirudi vyenyewe. Plagi ilikuwa ya moto. Soketi ilikuwa imeungua ukingoni, rangi ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Akaweka kiganja ukutani juu yake. Ukuta nao ulikuwa na joto, na nyuma ya ukuta ule ndiko kilikokuwa kitanda cha mama mkwe.

Akatafuta kitabu chake cha vipimo, kile cha vifua na viuno vya watu, akafungua ukurasa mpya. Akapinda mgongo nyuma ya kila chombo kikubwa kusoma kibandiko chake. Hita ya maji ya bafuni, wati elfu tatu. Oveni, elfu mbili. Birika, elfu moja na mia nane. Kisha akafunga chumba cha kushonea katikati ya mchana, akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi kumtafuta fundi wa umeme.

Fundi mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Taratibu, na ukimsikia akizungumza hukuuliza kwa nini. Aliutazama ule ukurasa kwa muda mrefu.

"Huyu kiuno sabini na sita ni nani?"

"Geuza ukurasa, fundi."

"Nimegeuza. Haya, jumlisha wati. Kisha gawa kwa volti za nyumbani kwako, mia mbili na arobaini. Utapata ampea."

Mbishi alihesabu kwa chaki kwenye kaunta. "Ishirini na nane na ushei."

"Na breka ni ya ishirini. Basi haijachoka. Inabeba mzigo uliozidi, inavumilia dakika kadhaa, inapata moto, inaachia."

"Shemeji anataka kuweka ya arobaini."

Fundi akaweka kalamu chini. "Mwambie shemeji yako breka haikuwekwa kulinda oveni wala hita. Imewekwa kulinda waya uliomo ukutani. Kamba hukatikia pembamba, mama, na pembamba pako ni waya ule. Ukiweka breka ya arobaini itanyamaza, kisha ukuta ndio utakaosema." Akarudisha kidole kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa. "Hita iliingia lini?"

"Wiki ya msiba," Mbishi alisema, na neno lilipomtoka alielewa.

Shemeji ndiye aliyeinunua, ili wageni na mama yake wapate maji ya moto, na kwa haraka ya siku zile akaiunganisha kwenye waya wa jikoni. Kila jioni mama mkwe aliiwasha ili aoge kabla ya sala. Oveni ilikuwa ikipasha chakula. Birika liliwekwa dakika chache kabla ya saa moja, ili chai iwe tayari wakisema amina.

Jioni ile hakuweka birika. Walisali sala nzima, na taa iliwaka mpaka mwisho. Mama mkwe alikuwa akifumbua macho kila baada ya maneno machache, akiitazama balbu. Alipomaliza hakukaa mezani.

"Leo hajaja," alisema, akaenda kulala bila kula.

Mbishi alikaa mbele ya sahani mbili. Kunyamaza kulikuwa kwepesi. Angeweza kuliweka birika kesho yake, mama wa watu akapata faraja, na joto likaendelea kutambaa nyuma ya kitanda. Aliomba nguvu, na asubuhi akamkuta mama mkwe jikoni akichambua mchele.

Alimweleza yote, hita, oveni, birika, na jinsi alivyojaribu jana.

"Kwa hiyo mwanangu ni birika," mama mkwe alisema bila kuinua macho.

"Hapana, Mama. Mwanao hayumo ndani ya kisanduku. Mle mna kipande cha chuma kinachopata moto."

"Ulijua, ukaniacha nizungumze naye?"

"Nimejua jana. Kabla ya hapo nilikuwa nikimsubiri, kama wewe."

Mama mkwe aliusukuma ungo kando. "Ungekuwa na huruma ungeniachia japo mwaka mmoja."

"Lete mkono, Mama." Birika lilikuwa limetoka kuchemka. Mbishi aliushika mkono ule mkavu, akaulaza ukutani juu ya soketi, akaushikilia pale. "Waya huu unapita nyuma ya mto wako. Nimezika mmoja. Wewe sikuziki kwa sababu ya chai."

Mkono ulikaa ukutani kitambo. Kisha mama mkwe aliutoa, akarudi kwenye mchele wake.

Jumamosi shemeji alifika na breka ya arobaini mfukoni, akamkuta Taratibu juu ya ngazi. Fundi alikuwa ameshazima swichi kuu na kuhakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme. Alivuta waya mpya, mnene, kutoka kisandukuni hadi bafuni, akaipa hita breka yake peke yake. Alitoa soketi iliyoungua na kuukata waya uliokuwa nyuma yake. Plastiki ilikuwa imelainika, ikashikana na vumbi la ukuta. Akampa shemeji aushike.

Shemeji aliugeuza mkononi. "Nilitaka Mama apate maji ya moto," alisema.

"Na aliyapata," Mbishi alimjibu. "Msiba ulikuwa na mikono mingi na macho machache. Mshikie fundi tochi."

Saa kumi na mbili na nusu jioni Mbishi aliwasha vyote kwa mkono wake: hita, oveni, na dakika chache baadaye birika. Ukuta alikuwa ameshaupapasa mara tatu. Saa moja wakasimama kuzunguka meza, yeye, mama mkwe na shemeji.

Wakaimba. Birika likachemka, likajizima lenyewe. Taa haikutikisika.

Ilikuwa zamu ya mama mkwe kutaja majina. Tangu msiba alikuwa akianza na wagonjwa, kisha wajane, kisha wasafiri, na katika wasafiri ndimo alimomweka mwanawe, kama vile lori lilikuwa bado barabarani, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Jioni hii aliwataja wagonjwa. Aliwataja wajane, akamtaja mkwe wake kwa jina lake la ubatizo. Alipofika kwa wasafiri alikwama. Shemeji alifumbua macho. Mbishi alifumba yake zaidi, na hakunyoosha mkono kumsaidia, kwa sababu mlango ule mtu huupita peke yake.

"Wafikishe wasafiri salama," mama mkwe alisema. Kisha akavuta pumzi. "Na marehemu wetu wote uwapumzishe. Na mwanangu, Bwana. Mwanangu naye."

Mbishi alimsogezea kiti, akammiminia chai, na safari hii mama mkwe alikula.