Inchi Saba Juu ya Meza

Mume wangu alikuwa akibandika karatasi zake za shabaha kwenye friji, pale pale tulipobandika michoro ya watoto walipokuwa wadogo. Kila Jumamosi alikwenda uwanja wa shabaha upande wa Anoka na bunduki yake ndogo, ile ya risasi nyembamba za kipimo cha .22, akaketi mezani, akapiga matundu matano kwenye karatasi, akarudi nayo nyumbani. Pembeni aliandika tarehe, saa na herufi za jina lake. Hiyo ilikuwa tabia ya kazini. Kwa miaka mingi alitoa watu damu katika hospitali moja huku Maplewood, ughaibuni tunakoishi, na kila kichupa cha damu lazima kiandikwe hivyo, ili ijulikane ni mkono wa nani uliokijaza.

Majira ya baridi yaliyopita karatasi zikakoma.

Sikuuliza sababu. Mimi ni nesi, na nilikuwa nimeshasikia kikombe chake kikigonga kisahani kila asubuhi. Daktari alituambia ni mtetemeko wa mikono tu, si ule ugonjwa wa ubongo tuliokuwa tukiuogopa, ila hautaondoka. Kazini wakamhamishia mapokezi. Mtu aliyekuwa akiitwa kila ghorofa mtoto mchanga asipopatikana mshipa, sasa aliuliza watu kadi za bima. Hakulalamika. Ningefurahi kama angelalamika, maana hasira zangu mimi huwa nje, zake sijawahi kujua anaziweka wapi.

Jumapili moja, tumetoka kanisani na tunakula, akasema atampa bunduki yule mwenzake wa kazini aliyemfundisha kupiga shabaha. Alisema kama mtu anayegawa kabati kuukuu. Nikamwambia hagawi kitu. Alinitazama kwa mshangao, na alikuwa na haki, kwa sababu siku alipoileta ile bunduki nilimnunia wiki mbili nzima. Lakini nilikuwa nimeyaona yale matundu matano yaliyokaribiana. Ilikuwa ndiyo kazi ndogo ya mwisho iliyobaki kwa mikono ile, na sikuwa tayari kuiona ikiachishwa kazi mara ya pili.

Alikubali kunieleza tatizo shingo upande. Mkono wa kushoto, unaobeba bunduki kwa mbele, ndio uliomwangusha. Wengine pale uwanjani, alisema, hufunga baipodi, yaani miguu miwili chini ya sehemu ya mbele ya bunduki, ikasimama yenyewe mezani. Nikamwuliza kwa nini yeye hana. Akasema hajui achague ipi, na kwamba ni mambo ya vijana.

Basi nikaenda dukani mwenyewe. Mwuzaji, mama wa rika langu, aliniuliza inatakiwa kwa kazi gani, nikamjibu kwamba inatakiwa iliyo imara. Nikazichagua kama ninavyochagua sufuria: nikainua hii, nikainua ile, nikagonga kwa kucha, nikachukua nzito kuliko zote. Tena ilikuwa ndefu, na kwetu zawadi ya mume huwezi kuitoa fupi. Jumatano kikundi chetu cha maombi kilipokutana nyumbani niliiweka mezani ndani ya boksi lake, na wakaiombea, ingawa nusu yao walidhani ni kifaa cha kupimia presha.

Jumamosi nilikwenda naye. Alifunga ile miguu, akaiweka bunduki mezani, akaketi. Kitako cha bunduki, kinachotakiwa kukaa begani, kilikuwa juu ya sikio lake. Tuliifupisha miguu mpaka ikagoma, na bado angehitaji kukalia mito mitatu. Msimamizi wa uwanja, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, akaja akatueleza kwamba hiyo ni ya wawindaji, wanaopiga wakiwa wameketi chini kwenye nyasi ndefu. Mume wangu alijizuia, akajizuia, kisha akacheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kwa aibu, na niliikasirikia hata ile kofia ya sufu.

"Mama, hii ungemnunulia twiga," akaniambia.

Nikacheka basi. Ilikuwa miezi sijamsikia akinitania.

Nyumbani tulifanya vile tulivyopaswa kufanya mwanzo. Aliketi kwenye meza ya jikoni na mpini wa ufagio begani, mabega yamelegea, shavu mahali pake. Mimi nikawa napanga pakiti za unga wa ugali chini ya mpini, moja juu ya nyingine, mpaka aliposema hapo hapo. Nikaleta utepe wa kupimia nguo. Inchi saba. Boksi sikuwa nimelitupa, mimi boksi zuri silitupi, nikairudisha ile ndefu na kuchukua fupi, inayorefuka kutoka inchi sita hadi tisa. Safari hii nilimsikiliza mwuzaji. Alinieleza kwamba bunduki hiyo haisukumi bega, haihitaji chuma kizito. Cha maana ni miguu iwe na mpira chini, iongezeke kidogo kidogo, na iweze kulala kushoto au kulia ili bunduki ikae sawa hata meza ikiwa imepinda.

Tulirudi Anoka. Malundo ya theluji nyeusi yalikuwa yakiyeyuka pembeni mwa maegesho. Mbele bunduki ilisimama vizuri, kimo chake hasa, na tulitandika kipande cha zulia chini ili miguu isirukeruke. Akapiga matano. Matundu yakatawanyika kama kuku waliotishwa. Sasa mkono wa kushoto, usiokuwa na kazi mbele, alikuwa ameuweka chini ya kitako nyuma, ukatetemekea huko. Alianza kufunga vitu vyake taratibu, na nikaona kwamba nikinyamaza, hatutarudi tena.

Nikamwuliza msimamizi. Akasema nyuma panatakiwa kifuko, ukikifinya bunduki inapanda au inashuka. Yeye hakuwa nacho siku hiyo. Kwenye gari nilikuwa na soksi zangu nene za zamu na kilo mbili za ndengu nilizozinunua asubuhi. Nikajaza soksi moja, nikaifunga fundo, nikaisukuma chini ya kitako.

Alikifinya kifuko kile cha soksi. Bunduki ikatulia, kisha ikaanza tena kutetemeka, kidogo. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimekunja mikono. Hakuondoa jicho kwenye darubini ya bunduki.

"Leta mkono wako," akasema. "Wewe finya, mimi nita-shoot."

Msimamizi akakubali, mradi nibaki kwa nyuma. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikashika ile soksi. Aliniambia juu, chini kidogo, hapo, basi. Nilisikia pumzi yake ikitoka yote, na kidole chake cha mkono wa kulia, kile kilichobaki kitulivu kuliko vingine, kikavuta kifyatulio. Mara tano. Nilimpenda sana wakati ule, nikiwa na magoti yanayouma na harufu ya baruti puani.

Msimamizi alipotoa ruhusa tulitembea pamoja kwenda kuichukua karatasi. Matundu hayakuwa kama ya zamani. Kifuniko cha chupa ya jamu kingeyafunika yote matano, basi.

Jioni niliikuta ile karatasi kwenye friji. Pembeni ameandika tarehe, na saa, kwa mwandiko unaoyumba. Chini yake kuna herufi za jina lake, na kando yake, kwa kuwa kazini ndivyo walivyoandika wakishirikiana watu wawili kwenye mshipa mgumu, ameweka za jina langu.