Panda ya Kwanza ya Myombo

Siku ile nilishuka mtini bila kuugusa mzinga. Niandike hilo kwanza, kwa sababu shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, akisimulia huanzia hapo, na hasemi uongo.

Mimi ni mtu wa Kibondo niliyeoa Makere. Kurina asali nilifundishwa na baba, na alichonifundisha zaidi ni miguu. Unapanda peku. Unatanguliza vidole, unashusha uzito polepole, unasubiri pumzi moja. Mti mzima ukiukanyaga unakurudishia nguvu papo hapo, kama ardhi ngumu. Mti ulioliwa ndani unachelewa. Unakuwa kama unafikiri kwanza, ndipo unajibu kwa mtetemo mdogo chini ya unyayo. Baba alikuwa anajua kweli. Mimi sina hakika kama nilijua, au nilizoea tu kusema najua.

Mti wenyewe ulikuwa myombo mkubwa, na mzinga wa gogo aliutundika shemeji mwenyewe kwenye panda ya pili, pale shina linapogawanyika tena. Asali ilikuwa ya kutengenezea pombe ya harusi ya binti yake, na harusi ilikuwa imekaribia. Nilifika panda ya kwanza, nikaweka mguu wa kulia, nikasubiri. Jibu lilichelewa. Nikaweka wa kushoto, napo pakatetemeka. Gome lilikuwa la baridi, ingawa jua lilikuwa limelichoma mchana kutwa. Hapo hapo nikajiuliza, huu mtetemo ni wa mti au ni wa magoti yangu? Maana mguu unaoogopa nao unatetemeka, na unyayo hauwezi kutofautisha. Nikashuka.

"Vipi shemeji, nyuki wa Makere wamekudai kitambulisho?" aliniuliza shemeji, aliyekuwa akinisubiri chini.

Nilicheka, kwa kuwa ilichekesha. Nikamwambia nadhani mti una tatizo ndani. Akataka kujua kama nina hakika. Angekuwa mdogo wangu ningesema ndiyo, yakaisha. Lakini yeye ni mkubwa, simwamrishi. Tena mwaka uliotangulia nilishuka mti mwingine kwa maneno hayo hayo, jirani akaupanda, akashuka na ndoo ya asali, na mti ule umesimama hadi leo. Nikasema sina hakika.

Akaanza kuvaa buti zake za mpira. Tulizipata kwenye kikundi cha wafugaji nyuki baada ya mafunzo. Bwana nyuki aliyetufundisha, afisa mgeni kutoka mkoa mwingine, tusimsingizie: alisema ni za kujikinga tukihudumia mizinga ya kisasa, ile ya chini. Kupandia miti tulianza wenyewe, kwa kuona fahari.

Nilipomwona anaingiza mguu kwenye buti niliogopa kuliko nilipokuwa juu. Mguu ulio ndani ya mpira hausikii kitu. Angefika pale nilipofika, mti ungemwambia, naye angeendelea tu.

"Shemeji," nikasema, "mti ni wako, sikuzuii. Ila vua hizo buti. Ukifika pandani kanyaga, subiri pumzi moja. Kama mimi huniamini, amini mguu wako."

"Na nyuki wakinila miguu?"

"Watakula. Hiyo utapona."

Akazivua.

Nilibaki chini nimeshika kamba ya kushushia asali, na sikuweza kumtazama mwili mzima. Nilitazama nyayo zake tu, zilizopasuka pasuka visiginoni, zikipanda moja baada ya nyingine. Kama nimekosea, nimemtesa mtu mzima kwa nyuki bure. Kama nimepatia, yuko juu ya mti mbovu, na kamba ile isingemsaidia kitu.

Akafika pandani. Akaweka mguu, akatulia. Nyuki walianza kumtua kisiginoni, hakuwapangusa.

"Ulisimama hapa?"

"Hapo hapo."

Akasubiri pumzi moja. Kisha akauondoa mguu taratibu mno, kama mtu anayetoka chumbani kwa mtoto aliyelala. Kila alipoteremsha hatua, vumbi la gome liliniangukia usoni. Ningeweza kuliita dalili ya mti ulioliwa, lakini najua gome lolote likisuguliwa hutoa vumbi.

Alipokanyaga ardhi alikaa chini moja kwa moja. Nikawa namtoa miiba ya nyuki kwa ukucha. Nikamuuliza kama mti ulitetemeka.

"Kuna kitu kilitetemeka," akasema. "Sijui kama si mimi."

Tulirudi mikono mitupu. Harusini wakanywa pombe ya ndizi, na mama wa bibi harusi hakunisemesha vizuri, na sikumlaumu.

Myombo ule haujaanguka. Upepo wa kiangazi ukivuma kwa nguvu huwa natamani uanguke, ili nijue sikumnyima asali bure. Halafu naogopa nilichotamani, maana njia ya wanawake wanaokwenda kuni inapita chini yake. Niliwaambia wapite mbali. Waliniuliza kama nina hakika.