Senti za A.N.

Mimi sina subira na mtu anayezungumza na senti. Lakini Bi Rukia ni jirani yangu sokoni Iringa, huu mwaka wa kumi na nne. Mimi nauza maharage, yeye anauza vitu vya kale: makufuli, pasi za mkaa, taa za chemli na hela za mkoloni. Ukikaa na mtu muda wote huo unamzoea pamoja na wazimu wake.

Wazimu wenyewe ni huu. Wauza vyuma chakavu walikuwa wanamletea zile senti za zamani zenye tundu katikati, na baadhi zilikuwa zimegongwa herufi mbili: A.N. Si chapa ya serikali hiyo, mtu kazigonga mwenyewe kwa nyundo. Wateja walibishana pale mezani mpaka basi. Huyu anasema ni za Mzungu wa shamba la chai, yule mwalimu mstaafu anaapa kuwa ni za misheni. Bi Rukia anazinong'oneza senti. Anazifunga kwenye pindo la kanga, anasema, "Hizi haziuzwi."

Siku moja nikamfokea. "Wewe dada, unauza au unatambika?" Machozi yakamtoka. Nikaona haya, maana mdomo wangu huu umeshaniponza mara nyingi.

Ndipo aliponieleza. Alikuwa na mdogo wake, Ahmadi Nasri, aliyekuwa akijifunza ufundi wa mashine. Mama yao alikuwa na senti kumi na mbili za namna hiyo, amezitunga kwenye uzi, aliachiwa na mama yake. Mama alipofariki, uzi haukuonekana. Bi Rukia akasimama mbele ya waliokuja matangani, akamnyooshea mdogo wake kidole: "Mwizi ni wewe! Mafundi si ndio mnazifanya washa?" Na kweli mafundi walizifanya washa, zinakaa vizuri chini ya nati. Ahmadi alitoka na nguo alizovaa, na hakurudi.

"Mwaka uliofuata tukafumua godoro la mama tuanike sufi," Bi Rukia akaniambia. "Uzi ukadondoka, Vene. Senti zote kumi na mbili. Sasa ni mwaka wa thelathini na moja namtafuta nimwombe radhi. Herufi hizi ni zake, moyo wangu unaniambia."

Nilimpimia maharage akale.

Basi msimu wa mpunga uliopita, Aroni wa vyuma chakavu akaleta senti nyingine. Hii herufi zake zilikuwa zinang'aa, hazijapata hata kutu. Alisema imetoka Ubaruku, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na ilifungwa msimu huohuo. Bi Rukia alifunika meza wateja wakiwa wamesimama.

"Yu hai! Vene, mdogo wangu yu hai!"

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye basi la Mbeya. Alibeba vitumbua, maana Ahmadi alivipenda, na ule uzi wa mama yao. Njia nzima ananiuliza, "Nianze na salamu au nianze na radhi?"

"Anza na kunyamaza," nikamwambia. "Mdomo wako ndio uliomfukuza." Tulicheka mpaka Makambako. Mungu anisamehe, tulicheka.

Ubaruku tuliulizia kwenye mashine, tukaelekezwa kwenye kibanda cha fundi. Tulimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ovaroli limelowa oili. Akasema anaitwa Gloria, akatuamkia vizuri. Bi Rukia akampa ile senti.

"Mwanangu, namtafuta aliyegonga hii."

"Ni mimi, mama. Ila herufi ni za fundi wangu, marehemu Ahmadi. Mwaka wa tisa sasa. Wenye mashine hapa wanaamini chapa yake, wasipoiona wanasema kazi haijafanyika. Kwa hiyo nikaendelea nayo."

Bi Rukia alikaa chini, palepale kwenye pumba. "Innalillahi," akasema. Nimeenda misiba mingi maishani mwangu, lakini huu ulinikuta nimebeba kapu la vitumbua.

Nikamuuliza Gloria: "Kwani yeye alizigongea nini? Washa nayo inahitaji jina?"

"Nilimuuliza hivyohivyo," Gloria akajibu. "Alisema senti yenye tundu ukiwa nayo bila jina lako, watu watakuita mwizi. Hakufunga hata moja bila kuigonga kwanza."

Laiti ningemziba mdomo yule binti! Hakujua anamwambia nani.

Tulipomweleza, alilia kuliko sisi. Akaleta zile chapa mbili za chuma za kugongea herufi, amezifuta kwa kitambaa. "Ni za kwenu, mama. Chukueni." Bi Rukia alizishika muda mrefu. Vichwa vya chapa hizo vilikuwa vimebonyea kwa nyundo. Kisha akamrudishia, akatoa ule uzi wa mama yake, akaukata kwa meno.

"Zigonge zote."

"Za mama?" nikashtuka. "Dada, hizo ni za mama!"

"Ni za Ahmadi."

Gloria akazigonga, mapigo mawili kila moja. Bi Rukia alikuwa anampa mojamoja, na kila akitoa anasema, "Nisamehe, Ahmadi." Zikaingia kwenye kopo la washa, pamoja na nati na misumari. Ya mwisho niliiwahi mimi, bado ina moto wa nyundo.

"Baki nayo hii, dada yangu. Moja tu, ya ukumbusho."

Akanifungua vidole, akaichukua, akaitia koponi.

"Nikibaki nayo, Vene, mwizi nitakuwa mimi."