Futari ya Siku Aliyozikwa Dada Yake

Siku ya tatu ya msiba wa bibi yangu, baada ya hitma, mjomba wangu mkubwa aliingia ukumbini tulikokaa wanawake wa nyumbani. Akasimama karibu na mlango, akasema, "Mama yetu alikuwa na subira. Hakuna siku aliyotulaza na njaa." Wanawake wakaitikia, "Mungu amrehemu." Mimi nilikaa mkekani nikimtazama, na nilimchukia mtu yule kupita nilivyodhani naweza kuchukia.

Bibi aliolewa kutoka Makunduchi akaletwa Malindi, hapa mjini Unguja, bado msichana. Wakwe zake waliicheka lugha yake ya shamba, akaiacha. Nilimsikia akiisema kwenye simu tu, akizungumza na dada yake, mlango wa jikoni ameurudisha. Alizaa saba, akawalea, kisha akatulea na sisi wajukuu. Sijapata kumwona akila kabla wengine hawajamaliza. Ukimwita aje akae, anajibu, "Nnakuja," na haji.

Miaka miwili kabla hajafa, mwezi wa Ramadhani, simu ililia asubuhi kutoka Makunduchi. Dada yake amekufa alfajiri. Wakati huo nilikuwa nasoma chuo Tunguu, lakini siku hiyo nilikuwapo nyumbani. Bibi hakulia. Alivaa buibui, akakaa karibu na ngazi kumngoja mjomba, mwenye gari.

Mjomba akashuka, funguo mkononi. "Mama, leo nimealika watu wa kazini waje kufuturu. Nani atapika?"

"Dada yangu anazikwa baada ya adhuhuri, mwanangu."

"Kesho nitakupeleka. Maiti mwenyewe hakungoji."

Akatoka.

"Bibi, inuka," nikamwambia. "Tukodi gari, mimi na wewe. Mwendo wa saa mbili haufiki, tumeshafika."

Aliniangalia kama mimi ndiye niliyemkosea. "Na wageni wale nini? Usintie aibu." Akavua buibui, akalikunja, akaingia jikoni kumenya mbatata.

Nilimkasirikia na yeye, sifichi. Nilikuna nazi kwa hasira mpaka nikajikata kidole, naye akanikanya nisitie damu chakulani. Magharibi wageni walikula, wakasifu uji, wakasifu sambusa na tambi. Mmoja aliuliza mapishi yale ya nani. Mjomba akajibu, "Ya hapa hapa nyumbani." Hata kumtaja hakumtaja. Na mimi nilikula. Nilikuwa na njaa, nikala nikashiba, na nafsi yangu sijaisamehe kwa hilo.

Kesho yake mjomba alilala mpaka alasiri. Siku ya nne ndipo alipompeleka, nami nikafuatana nao. Binti wa marehemu alitukuta mlangoni. "Shikamoo, mama mdogo. Matanga tumeshaanua jana." Hakusogea kutupisha. Bibi akaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, akasoma Fatiha pale pale barazani, tukarudi mjini. Tangu hapo hakuna aliyempigia tena simu kutoka Makunduchi, wala yeye hakuwapigia.

Kwa hiyo mjomba alipoitaja subira, niliinuka.

"Subira gani? Ulimzuia asimzike dada yake kwa ajili ya sambusa!"

Mama yangu akanivuta mkono. "Kaa chini! Una wazimu?"

"Muulize mwenyewe. Si huyo hapo?"

Mjomba hakukana. Alisema kwa upole, "Mwenyewe aliridhia." Wanawake wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakinitazama mimi, si yeye.

"Aliridhia kwa sababu hukumwachia jingine la kuridhia," nikasema. Nikavaa viatu, nikateremka ngazi.

Hii ni sikukuu ya pili siitwi nyumba ile. Mama ananihimiza nikaombe radhi, maana mjomba ni mkubwa wangu, na bibi mwenyewe angetaka hivyo. Najua angetaka. Angenijazia na sahani nimpelekee.

Siendi.