Taa za Haron na Ukuta wa Mkwewe

Haron Ogoti wa Keumbu ukimwazima nyundo, atakurudishia nyundo iliyoboreshwa, na mara nyingi haipigi msumari tena. Kipaza sauti cha kanisa alikiboresha kikawa kinanasa mazungumzo ya watu wa teksi katikati ya maombi. Jiko la mkewe Tryphosa alilifanyia marekebisho, na tangu siku hiyo chapati za nyumba ile zimekuwa zikiiva upande mmoja. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba hawezi kuona kitu kimetulia akakiacha.

Kwa miaka mingi aliendesha basi la shule moja ya bweni. Alipostaafu yeye, basi nalo lilikuwa limechoka, shule ikaliuza, na mnunuzi akawa nani kama si dereva wake? Aling'oa viti vyote akavichoma kuni. Nyuma akatengeneza kitanda kipana cha mbao za mkaratusi, pembeni yake akafunga jiko la gesi na tangi la maji, na Tryphosa akashona mapazia ya maua. Jirani yao Machogu, mzee wa kanisa mwenye maoni juu ya kila jambo, alikuja kutazama kazi ile, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kama Haron amefukuzwa nyumbani. Huku kwetu mwanamume hujenga kwenye shamba la babake, na akishajenga, nyumba hukaa. Nyumba inayotembea inakwenda wapi?

Kusema kweli haikuwa inakwenda popote. Ilikaa uani ikinyeshewa, mpaka ilipofika zamu ya Bochaberi.

Bochaberi ni mama mzazi wa Tryphosa. Anaishi ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kinachotazamana na kile cha Haron, ukivuka kijito na mashamba ya chai. Tangu aanguke akichuma majani, nyonga yake haitaki kiti cha gari. Akikaa kidogo tu anaumia hadi machozi. Na dada yake mkubwa, Edinah, aliyeolewa mbali huko Kenyenya, hatembei tena. Kwa miaka mitatu wamekuwa wakizungumza kwa simu, kila mmoja akipiga kelele hadi unajiuliza simu ni ya kazi gani. Hivi majuzi Edinah alikuwa amesema kwa upole, bila kupiga kelele, kwamba angependa kumwona mdogo wake kabla macho hayajakwisha. Bochaberi alikata simu akalala mchana kutwa bila kula.

Alihitaji gari ambalo mtu anaweza kusafiri ndani yake amelala. Keumbu nzima lilikuwepo moja tu, na lilikuwa la mkwe wake. Hapo ndipo jambo lilipokwama, kwa sababu ya chinsoni, ile heshima na haya tuliyoachiwa na wazee kati ya wakwe. Mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa bintiye. Haiwezekani, hata awe mgonjwa, hata mvua iwe ya mawe. Kwa hiyo swali likawa moja: hiki kitu cha Haron ni gari au ni nyumba?

Machogu hakuhitaji muda wa kufikiri.

"Kitanda kiko, jiko liko, pazia liko," alisema. "Hiyo ni nyumba. Magurudumu ni viatu tu."

Bochaberi naye akakataa. Alimwambia Tryphosa kwamba hatalala katika nyumba ya mkwe, iwe imevaa viatu au iko miguu mitupu. Akaongeza kwa kunung'unika kwamba hata kama angekubali, angetoka kabla ya kupambazuka ili wale wauza ndizi wa Keumbu wasimwone akipanda. Tryphosa alirudi nyumbani akilia. Haron alisikiliza habari yote, na kama ilivyo desturi yake, akashika mkia wake tu. Kutoka kabla ya kupambazuka! Basi kinachotakiwa ni taa.

Nisiwafiche: Haron anampenda mkwewe kuliko anavyoruhusiwa kuonyesha. Alipokwenda kuposa akiswaga ng'ombe mwenye pembe moja, wajomba wote walicheka, na Bochaberi peke yake ndiye aliyesema kwamba maziwa hayatoki pembeni. Mtu hasahau neno kama hilo.

Taa za lile basi zilikuwa za manjano, hafifu, zikimulika kama macho ya kuku mwenye homa. Haron akaenda Kisii mjini akarudi na balbu mpya nyeupe, kali kama za chumba cha upasuaji. Jioni ile ile akazifunga, akiwa uani kwake, basi likitazama bondeni. Hakuwaza kwamba kitanda, tangi na jiko vyote viko nyuma, kwa hiyo nyuma imekaa chini na pua imeinuka. Hakuwaza vilevile kwamba ua wake umeinamia nyuma. Akawasha fulu, ule mwanga wa mbali.

Mwanga haukugusa ardhi ya Haron hata kidogo. Uliruka bonde zima, ukapita juu ya chai na kijito, ukatua ndani ya dirisha la chumba cha kulala cha mama mkwe. Ng'ombe wa kilima kile walisimama. Jogoo wa Bochaberi aliwika, na hata ugali wa jioni ulikuwa haujasongwa. Kisha simu ya Tryphosa ikalia.

"Mwambie bwana yako nimemaliza kubadilisha nguo," Bochaberi alisema. "Sasa anaweza kuzima."

Haron alizima, akakaa chini kwenye matope. Mkwe aliyeingia chumbani mwa mama mkwe kwa fulu! Usiku ule aliletewa ugali na chinsaga, mboga anayoipenda kuliko zote, akaitazama mpaka ikapoa. Kwenda kuomba radhi mwenyewe hakuthubutu, na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo asubuhi akamtuma Machogu na kuku. Bochaberi alimpokea yule kuku vizuri. Aliuliza tu kama huyu huwa analala, maana kuku wake wameacha.

Mtu mwingine angeacha hapo. Haron aliuliza uliza kwa mafundi, akaambiwa kwamba taa hurekebishwa gari likiwa mahali tambarare, likitazama ukuta. Ukuta si shida. Lakini tambarare, Gusii hii? Alizunguka wiki nzima na pima maji ya fundi mwashi, akiilaza chini na kuchuchumaa kuitazama. Uwanja wa shule ulikataa, na si ajabu, kwa sababu timu inayocheza kuteremka ndiyo huongoza kila mara hadi mapumziko. Ua wa kanisa ulikataa. Kituo cha kupimia chai kina sakafu nzuri ya saruji, lakini basi lingeingia pua tu. Machogu alimwambia aache kujisumbua, kwamba vilima vyetu viliumbwa Ijumaa jioni, Sabato ikiwa mlangoni, na hapakuwa na nafasi ya kusawazisha.

Palikuwa na mahali pamoja tu palipo tambarare, na Tryphosa alipajua tangu utotoni. Marehemu babake hakupenda kiti chake kiiname, kwa hiyo alichimba ua wake mwaka mzima hadi ukalala sawa kama meza. Mbele ya ua ule kuna ukuta mzuri uliopigwa lipu. Ni ukuta wa chumba cha Bochaberi, chumba kile kile.

Mazungumzo ya kuomba ukuta yalichukua muda mrefu kuliko yale ya mahari. Tryphosa alivuka bonde akaenda, akarudi, akaenda tena. Mwishowe Bochaberi alikubali, kwa sharti kwamba yeye atakaa jikoni mlango umefungwa, na kwamba mara hii hiyo taa ibaki upande wa nje wa ukuta.

Haron alifika jua likizama, akiwa na Tryphosa na Machogu. Akaegesha, akapima kimo cha taa, akachora mstari wa chaki ukutani chini kidogo ya kimo hicho, akawasha. Mwanga ukagonga karibu na paa. Akachukua bisibisi, kisha akasita. Kama atarekebisha gari likiwa tupu, mtu akilala nyuma pua itainuka tena na taa zitaanza kutafuta ndege. Uzito lazima uwepo kitandani sasa. Alikuwa amebeba magunia ya mahindi kwa kazi hiyo, lakini angeweka mangapi? Angeujuaje uzito wa mama mkwe? Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali ambayo mkwe hawezi kuyauliza akabaki mkwe. Akamvuta Machogu kando wakanong'ona. Machogu alikadiria magunia mawili. Haron akamsihi aseme moja na nusu, asije akasikika.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bochaberi alitoka na mkongojo wake, akasimama hatua tatu kutoka kwa Haron, akamtazama Tryphosa.

Alimwambia bintiye amuulize mumewe hilo gunia ni la nini. Tryphosa akauliza. Haron, akitazama viatu vyake, akamweleza Tryphosa habari za pua na mkia na uzito, na Tryphosa akamweleza mamake, neno kwa neno, ingawa wote wanne wangeweza kushikana mikono. Bochaberi aliutazama mwanga uliokuwa ukicheza chini ya paa lake. Alitazama kule kusini ambako ndiko Kenyenya.

"Gunia si mimi," alisema.

Akaenda mlangoni mwa basi, akampa Tryphosa mkono, akapanda polepole, ngazi kwa ngazi. Kitanda kikalia. Machogu alivua kofia. Haron alibaki na bisibisi hewani, uso ameuelekeza ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Aendelee," sauti ikatoka ndani.

Akaendelea. Akazungusha skrubu ya kushoto, kisha ya kulia, kidogo kidogo, na ule mwanga ukaanza kuteremka ukutani. Ukapita dirisha. Ukashuka hadi kwenye chaki, ukatulia juu ya mstari, nusu ya juu giza, nusu ya chini mchana. Sidhani kama Haron amewahi kufanya kitu kikawa sawa namna ile, na nadhani yeye mwenyewe alishangaa.

Machogu alikohoa. Alisema kwa masikitiko kwamba hata hivyo, mama yetu amekwisha kulala katika nyumba ya mkwe.

"Machogu," Bochaberi akaita kutoka kitandani, "nyumba yako iko na taa ndani ama nje?"

"Ndani, mama."

"Inamulikia nani?"

"Sisi wenyewe."

"Hii inamulikia njia. Basi ni gari." Kitanda kikalia tena alipojigeuza. "Lakini ikizima taa ni nyumba, na mkwe asiingie."

Mzee wa kanisa akarudisha kofia kichwani.

Walitoka siku iliyofuata kabla ya kupambazuka. Ukungu ulikuwa umelalia chai, na taa za Haron zilipita chini yake zikilamba barabara taratibu. Waendesha boda waliokuja mbele hawakumtukana, na mmoja alimpungia mkono. Baada ya muda Bochaberi alimtuma Tryphosa alisogeze pazia kidogo, ili naye aone njia. Aliitazama hivyo, akiwa amelala ubavu, mpaka jua likatoka.

Kenyenya, wajukuu walimtoa Edinah wamembeba na kiti chake. Alilitazama basi, taa zinawaka, akauliza hiki ni nini.

"Ni gari," Bochaberi alimjibu. "Ingia upesi, ikizimwa inakuwa nyumba yetu."

Wakamwingiza, wakamlaza kando ya mdogo wake, na Tryphosa akazima taa na kufunga mlango. Ndipo Haron alipokumbuka kwamba simu yake, kofia yake na chakula chote viko ndani ya gari lake mwenyewe, na hawezi kulikaribia. Akapewa kigoda cha jikoni na kikombe cha uji. Alikaa pale uani kutwa nzima, mwenye nyumba aliyefungiwa nje. Humo ndani walicheka, wakalia, wakaimba wimbo wa kuvuna wimbi, wakagombana kuhusu mbuzi aliyekufa walipokuwa wasichana. Baadaye Tryphosa alichungulia akasema wameshikana mikono.

Mchana ulipogeuka, mawingu meusi yakapanda. Barabara ya huko ikinyeshewa haipitiki, na Haron akaona hana budi. Alimwomba Tryphosa aingize mkono dirishani mwa dereva, awashe taa, ili nyumba iwe gari na yeye aweze kuingia. Tryphosa akawasha. Mwanga ukaangukia migomba ya Edinah kwa kimo kile kile cha chaki.

Kisha pazia la maua likasogea. Tangu siku ya arusi Bochaberi hakuwa amemwita mkwewe kwa jina, wala kumwambia neno ambalo halikupitia kwa mtu mwingine.

"Haron, mwanangu," alisema. "Zima. Bado tunaongea."

Taa zikazimwa. Mvua ikaanza, na Haron akabaki palepale kwenye kigoda, ikimnyeshea, akitabasamu kama mtu aliye nyumbani kwake.