Daftari la Kuonja Busaa

Mwaka wangu wa tatu wa ualimu nilihamishiwa shule moja ya msingi karibu na Ndhiwa. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Mimi ni Mkuria, na Kidholuo changu wakati huo kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo darasani na nje ya darasa niliishi kwa Kiswahili. Mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa huko, ndiye aliyenichukua Jumamosi ya kwanza akanionyesha nyumba zinazopika busaa. Zilikuwa saba, zote si mbali na soko. Pombe ya kienyeji ilikuwa imepigwa marufuku tangu zamani, lakini kila mtu alijua pa kwenda, watumishi wa serikali wakiwemo.

Mwenzangu alishikilia kwamba busaa ni busaa tu.

"Ni unga, ni kimea cha wimbi, ni maji," alisema. "Sasa wewe utatofautisha nini?"

Nilimbishia. Nilikuwa nimelelewa na shangazi aliyepika, na nilijua tofauti kati ya unga uliokaangwa vizuri juu ya bati na unga ulioungua. Nilijua kimea kilichoanikwa kikakauka na kile kilichosagwa kikiwa bado na unyevu. Tulibishana wiki mbili nzima. Wiki ya tatu nikachukua daftari la shule, nikachora mistari kwa rula: rangi, harufu, uchachu, uzito mdomoni, na hali ya kichwa Jumapili asubuhi. Kila kitu alama mbili, jumla kumi. Nilitumia kalamu nyekundu, ileile niliyosahihishia insha.

Majina ya watu sikuandika. Niliandika "nyumba ya mkaratusi", "nyumba ya bati jekundu", "nyumba ya kisimani". Nilidhani hiyo ilikuwa tahadhari ya kutosha.

Kila Jumamosi alasiri tulipitia nyumba mbili, tukinywa kopo moja moja. Mwanzoni mwenzangu alicheka, kisha akaanza kunusa kopo kabla ya kunywa, kisha tukawa tunagombana juu ya nusu alama. Nyumba ya kisimani, ya mama mmoja mzee mjane, ilipata tisa. Busaa yake ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea maziwa, harufu kama ya mkate uliotoka tu jikoni, na uchachu uliofika polepole mwishoni. Haikuacha chengachenga kwenye ulimi. Nyumba ya mkaratusi ilipata nne. Pale busaa ilikuwa kali kama siki, nyepesi, na povu lilikuwa limekwisha kufa.

Kosa letu lilikuwa kusoma alama hizo kwa sauti. Mwenzangu alizisoma kwenye chumba cha walimu, halafu akazisoma sokoni kwa fundi wa baiskeli, na baada ya hapo hazikuwa zetu tena. Watu wakaanza kusema, "Twende kwa ile ya tisa." Nyumba ya kisimani ikajaa mpaka wengine wakawa wanakunywa wamesimama.

Jumatatu moja wakati wa mapumziko, mama wa nyumba ya mkaratusi alikuja shuleni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa kitenge safi kana kwamba ameitwa kuzungumzia mtoto wake. Alisimama mlangoni pa chumba cha walimu.

"Japuonj," aliniita, maana yake mwalimu. "Nasikia umenipa nne."

Walimu wengine wakainamia vitabu vyao. Nilisimama nikamfuata nje.

"Ni mchezo tu, mama," nilisema.

"Mchezo wako. Mimi wateja wamenihama. Mtoto ukimpa nne, si unamwonyesha mahali amekosea? Mimi nimekosea wapi?"

Nilimwambia: ukali, wepesi, povu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikunywa siku gani?"

"Jumamosi."

"Mimi napikia mnada wa ng'ombe. Mnada ni Jumatano. Wewe ulikunywa mabaki." Alitazama uwanja wa shule, watoto wakikimbia. "Njoo Jumatano, ukitoka kazini."

Nilikwenda. Mwenzangu alikataa, alisema kichwa kinamuuma. Nilimkuta mama huyo akichuja, amekunja gunia jeupe na kulikamua kwa mikono miwili juu ya sufuria, na wafanyabiashara wa ng'ombe watatu wakingoja kwenye benchi na fimbo zao. Alinichotea kopo la kwanza. Sikuamini. Ilikuwa nzito, yenye povu la juu lililokaa, na ndani yake kulikuwa na utamu kidogo ambao kwa ile ya tisa sikuuonja.

"Sasa hii ya Jumamosi kwa nini usiimwage?" nilimuuliza.

"Niimwage? Kuna wazee wanaingojea mpaka Jumamosi ikaze. Hiyo ndiyo wanapenda. Wewe ulimi wako ni wako."

Nilitoa daftari mfukoni, nikafuta nne, nikaandika nane na nusu. Alinisogelea akasoma. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba.

"Andika na siku," alisema.

Niliandika: Jumatano. Nilirudi nyumbani nikiwa nimetulia, nikidhani jambo lile limekwisha, na kusema kweli nilijisifu kidogo kwamba nimekubali kusahihishwa.

Wiki iliyofuata naibu wa chifu alikuja shuleni kwa baiskeli. Hakuwa mtu mkali. Nilikuwa nimekunywa naye mara mbili chini ya lile bati jekundu. Alinisalimia, akaniuliza habari za mitihani, kisha akasema bila kunitazama:

"Mwalimu, nasikia una daftari. Kule juu wanataka orodha ya wapishi wote. Ningekuwa na daftari lako kazi ingekuwa nyepesi."

"Halina majina," nilisema.

"Nasikia lina mkaratusi na kisima."

Alisema atapita Ijumaa kulichukua. Mchana ule nilifundisha ngeli za nomino na sikujua ninachosema. Nilipofika nyumbani nilichana kurasa moja moja, nikazitia kwenye jiko la makaa, na juu yake nikapika ugali. Nilikuwa na hofu mbili kwa pamoja: kwamba nitawatia wale mama matatani, na kwamba nitapoteza kazi. Siwezi kusema ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Ijumaa alikuja.

"Nimelichoma," nilimwambia.

Aliweka mkono kwenye kiti cha baiskeli.

"Sawa," alisema. "Sikulihitaji sana. Ile nyumba ya tisa, nani haijui siku hizi?"

Walikwenda Alhamisi iliyofuata asubuhi, yeye na askari wawili wa utawala. Kati ya nyumba saba waliingia mbili tu, zile zilizokuwa na watu wengi. Nyumba ya kisimani walimwaga kila kitu na kuvunja mitungi. Nilipata habari saa nne. Saa kumi nilikuwa nimefika kwake.

Mama mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba. Uwanja ulinuka uchachu. Kimea chake, alichokuwa amekianika kwenye mkeka, kilikuwa kimekanyagwa na mabuti. Nilianza kuokota vigae, kwa sababu sikujua la kufanya kwa mikono yangu.

"Ni wewe uliniletea watu wengi?" aliniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Walikuwa watu wazuri. Lakini walikuwa wengi." Akanielekeza kwa kidole. "Hapo kuna kingine kimeingia chini ya jiwe, kuku asije akajikata."

Nilifagia kimea tukawapa kuku. Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Mwenzangu alikuja baadaye na jembe, akachimba shimo tukafukia vigae.

Mama mzee hakupika tena. Dada yake alikuwa akimletea omena, dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay, akawa anauza sokoni kwa kupima na mkebe, na nilinunua kwake mpaka nilipoondoka, hata siku ambazo omena sikuzitaka. Mwalimu wa hesabu aliacha kabisa kunywa, akahamia kwa Waadventista, akawa anaimba besi kwenye kwaya.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata nilihamishiwa Migori. Siku chache kabla ya kufunga mizigo, Jumatano, nilipitia nyumba ya mkaratusi kuaga. Walikuwepo wafanyabiashara wa ng'ombe na vijana wawili waliotoka kuchimba dhahabu Masara, miguu yao bado na vumbi jekundu. Mama alinijazia kopo, akafuta ukingo kwa kitenge chake, akaketi kando yangu. Aliniuliza kama kule ninakokwenda nimepata nyumba. Nikamwambia nimepata chumba kimoja karibu na mto. Akasema niangalie mbu, na kwamba mvua za mwaka ule zilikuwa zimechelewa huko kote.