Mamba wa Buti Nne Ukutani kwa Bibi Tusekile

Nilikwenda Ikuti kwa sababu ya mamba. Mimi hufundisha sanaa mjini Mbeya, na wanafunzi wangu walikuwa wakiandaa maonyesho ya mabango ya wakati wa vita vya Uganda. Mwalimu mwenzangu alinionyesha kwenye simu bango lililopigiliwa misumari sebuleni kwa shangazi yake: mamba mwenye kofia ya kijeshi na buti nne anameza mgomba mzima, na askari wetu, amenuna kwelikweli, amempanda mgongoni na kumkaba shingo. Tulicheka hadi machozi. Nikasema hilo lazima nilipate.

Asubuhi nikapanda basi. Isongole ukungu ulifunika mashamba ya viazi. Kiwira mvua ikaanza. Tukuyu nilikunywa chai mtaa wa Makandana, nikachukua bodaboda. Kabla ya Ikuti tope likatushinda, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi.

Shangazi mwenyewe, Bibi Tusekile, alinikaribisha kwa ndizi na maharage. Bango lilikuwa limeliwa na unyevu pembeni, na madoa ya kuvu yalikuwa yamekaribia uso wa askari.

"Bibi, nipe nikalihifadhi," nikaomba.

"Huyo ni kaka yangu, Ambakisye. Mwalimu wa hapa alimchora siku chache kabla hajaondoka kwenda vitani. Hakurudi, na picha nyingine hatuna. Watoto wangu wanataka niling'oe, eti wajukuu wanamwogopa mamba. Nikiling'oa, yeye nitamwona wapi?"

Kicheko chote kikaniisha. Nikatoa karatasi na penseli, nikaomba nimchore Ambakisye peke yake.

Akasogeza kigoda karibu yangu. "Usimnunishe! Siku ile alikuwa anacheka, mwalimu ndiye aliyemkunja uso ili atishe. Na mashavu yajaze, alikuwa anakula huyu."

Nikafuta, nikachora, nikafuta tena. Mvua ilikatika tukiwa bado tunabishana kuhusu nyusi. Mwishowe akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ambakisye," akaita polepole, kisha akaangua kicheko huku machozi yakimtoka. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Mamba mchukue, akatembee mjini."

Kesho yake nilirudi Mbeya na bango. Wanafunzi walimcheka mamba, nami nikawaacha wacheke kwanza, ndipo nikawasimulia. Binti mmoja akanyoosha kidole kwenye bango jingine. "Na huyu je, mwalimu, ni nani?"

Hakuna aliyejua. Ikuti imenifunza kuuliza jina la mtu aliyesimama kuchorwa. Tumesikia kuna mzee huko Msasani ya Tukuyu aliyewahi kuchora mabango hayo, na Jumamosi darasa zima linakwenda kumuuliza.